Ndoo Mbili Kila Nyumba: Mwongozo wa Kikundi cha Kujitolea cha Taka na Mboji Mwanza

Mvua ya kwanza ya vuli ikishuka Mwanza, mitaro ya Mabatini, Igogo na Bugarika hutoa hadharani kila kilichotupwa tangu masika. Chupa, pampasi, nailoni na maganda ya ndizi vinateremka na maji, vinaingia Mto Mirongo, na Mirongo unavimwaga ziwani. Maji ya ziwa hilohilo ndiyo yanayovutwa Capri Point na Butimba, yakatibiwa na kurudi kwenye mabomba yetu. Gari la taka halipandi kwenye mawe ya milimani, na halitapanda kesho. Watu wa mtaa ndio wanaofika huko.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi cha watu 10 hadi 20 kinachotaka kuanza na nyumba 20 au 30, si na mji mzima. Unasisitiza jambo moja: taka za kuoza na taka kavu zitenganishwe mlangoni mwa nyumba, kabla hazijagusana. Chupa iliyolala na mabaki ya ugali kwa siku tatu hailipi, na maganda yenye vipande vya nailoni hayatoi mboji ambayo mkulima ataipokea.

KABLA YA KUKUSANYA, JUENI ZINAKOKWENDA

Vikundi vingi hufa kwa namna moja. Vinaanza kwa shangwe, vinakusanya magunia 60 ya chupa, yanajaa uani kwa mwenyekiti, mvua inanyesha, mbu wanazaliana kwenye chupa zilizoshika maji, majirani wanakwenda kwa mtendaji kulalamika. Hakuna aliyekuwa ameuliza nani atanunua.

Tembeleeni angalau yadi tatu za wanunuzi wa plastiki na skrepa kabla ya kugusa taka. Nendeni wawili wawili na daftari, mkaulize haya: wananunua aina gani na rangi gani, wanataka chupa zikiwa na vifuniko au bila, kiwango cha chini wanachopokea ni kilo ngapi, wanakuja kuchukua au mnapeleka, wanalipa papo hapo au baada ya wao kuuza, wanakata kiasi gani kwa maji na mchanga. Swali la mwisho ndilo wengi husahau, na ndilo linalokula faida. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo ulizeni upya kila mwezi na msimwahidi mwanachama yeyote kiasi.

Kisha pimeni taka zenu wenyewe. Chagueni nyumba 20 za hali tofauti, mkusanye taka zao kila asubuhi kwa siku 8. Za siku ya kwanza msizihesabu, kwa sababu zina mabaki ya siku za nyuma. Siku saba zinazofuata, mwageni kwenye turubai, mgawe mafungu matano na kupima kila fungu: za kuoza, chupa na madumu ya plastiki, karatasi na maboksi, chuma na glasi, na zisizo na pa kwenda, yaani pampasi, nailoni chafu na matambara. Mchanga wa kufagia uwanja upimeni peke yake. Ni mzito na unadanganya hesabu, mtu akadhani mtaa una utajiri kumbe una vumbi.

Katika mitaa mingi ya mji wetu mtaona fungu la kuoza linazidi nusu ya uzito wote. Hapo mtaelewa kwa nini kikundi kinachokimbilia chupa peke yake hakibadilishi mtaa. Kinaondoa kilicho chepesi na chenye bei, kinaacha kinachonuka.

KIBALI, NA WATU WALIOKO KAZINI TAYARI

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa, wawape barua ya utambulisho. Halafu mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, na orodha ya wanachama yenye saini. Mwanza kuna halmashauri mbili mjini: Jiji la Mwanza kwa upande wa Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Kama wanachama wanatoka pande zote mbili, jisajilini mahali kilipo kituo chenu cha kutenganishia, kwa sababu afisa mazingira na afisa afya wa huko ndio watakaowakagua.

Msitoze ada ya taka hata shilingi mia bila mkataba na halmashauri. Kata nyingi zina kikundi au kampuni yenye mkataba wa kuzoa na kukusanya ada, na mkianza kupokea hela mlangoni mtaonekana matapeli. Kaeni nao mapema. Mkiwapunguzia uzito wa kupeleka dampo la Buhongwa, wao pia wananufaika. Na zile zisizo na pa kwenda bado ni zao kuzizoa.

Waokota makopo wa mtaa wenu nao waiteni kwenye kikao cha kwanza, si cha tatu. Wameifanya kazi hii kabla yenu, wanajua mnunuzi gani anachakachua mizani, na chupa mnazozitaka ndizo chakula chao cha jioni. Njia yenye haki ni kuwapa nyumba zao: nyinyi mnafundisha kutenganisha, wao wanachukua kavu, kikundi kinabaki na za kuoza. Au wawe wanachama wenye haki zote. Kikundi cha kujitolea kinachompokonya mwokota makopo riziki yake kimeharibu zaidi ya kilichotengeneza.

Betri za gari, betri za sola, taa zenye zebaki, vifaa vya umeme vilivyokufa na makopo ya viuatilifu ni taka hatarishi, na biashara yake inahitaji kibali cha mamlaka ya serikali ya mazingira. Msivibebe. Sindano ni habari nyingine, kwa sababu mtazikuta tu hata msipozitaka. Wekeni chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko kwenye kila mkokoteni. Anayeona sindano anaiokota kwa koleo au kijiti cha kubana, si kwa vidole hata akiwa na glavu, na chupa ikifika robo tatu inapelekwa zahanati. Kila mwanachama apate chanjo ya pepopunda kabla ya kuanza.

NDOO MBILI

Ya kwanza ni ya kuoza: ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, hata ya rangi iliyooshwa. Chini yake tieni makonzi mawili ya maranda ya mbao au pumba za mpunga, ambazo mashine za kukoboa mpunga huwa nazo za kumwaga. Kila mara maganda yakiingia, konzi moja ya maranda au majivu ifuate juu. Maranda yananyonya maji, na maji ndiyo yanayoleta harufu.

Ya pili si lazima iwe ndoo. Kiroba cha kilo 25 kilichotundikwa kwenye msumari, chini ya paa, mbali na kuku, kinatosha. Humo mnaingia chupa, madumu, makopo, maboksi na karatasi kavu. Chupa ya soda au ya mafuta isuuzwe kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Hakuna sababu ya kupoteza maji ya bomba kwa chupa, hasa kwa anayeteka kwa ndoo na kupandisha mlima.

Kufundisha nyumba moja kunataka ziara tatu ndani ya wiki mbili, na kuna jambo ambalo wageni wa kazi hii hukosea: wanazungumza na mwenye nyumba pekee. Anayemwaga taka ni mtoto wa darasa la nne au dada wa kazi. Muombeni mama aite wote. Maneno yawe machache:

"Hodi! Shikamoo mama. Sisi ni wa hapahapa mtaani, barua ya mtendaji hii hapa. Hatuombi hela wala hatuuzi kitu. Tunaomba maganda na mabaki yakae kwenye ndoo hii, chupa na maboksi yakae kwenye kiroba. Jumatano na Jumamosi saa moja asubuhi tunapita."

Kisha mwambieni mtoto alete taka za leo, azitenganishe yeye mwenyewe mbele yenu. Akisita kwenye kitu kimoja, kwa mfano pakiti ya maziwa au gunzi la mahindi, mwelezeni hicho tu. Mtu hujifunza kwa kitu kilichomtatiza kuliko kwa hotuba ya dakika kumi.

Mara mbili kwa wiki hatukuipanga kwa kubahatisha. Katika joto letu yai la inzi hutoa funza ndani ya siku moja hivi, na siku chache baadaye funza anatambaa kutafuta pakavu ageuke inzi. Ndoo ikikaa wiki nzima, umefuga inzi. Ikimwagwa kila baada ya siku tatu au nne na kwenda kwenye lundo lenye joto, mzunguko unakatika. Mkiona hamtaweza mara mbili, punguzeni nyumba, msipunguze siku.

Mkikuta ndoo iliyochanganywa, msiitenganishe kwa niaba yao. Mwonyesheni aliye nyumbani kitu kimoja kilichokosewa, ndoo ibaki, mrudi siku inayofuata ya zamu. Baada ya mara tatu muacheni kwa heshima, mpite nyumba nyingine. Kikundi kinachotenganisha taka za watu kwa miezi sita kimewafundisha watu kutotenganisha.

KUSHUSHA TAKA MLIMANI

Anzieni nyumba ya juu kabisa mkishuka, guta au toyo ya magurudumu matatu ikisubiri barabarani. Mzigo wa mtu mmoja usizidi kilo 20, kwa sababu ngazi za mawe hazisamehe goti. Badala ya kumwaga ndoo mlangoni, badilishaneni: mnaacha tupu iliyooshwa na yenye maranda, mnachukua iliyojaa. Inataka ndoo nyingi zaidi, kama 60 kwa nyumba 30, lakini kazi inakwenda mara mbili haraka na uwanja wa mtu haubaki na matone. Mvua ikinyesha alfajiri ahirisheni hadi jioni na mtume ujumbe. Mawe ya Mwanza yakiloa yanateleza kama sabuni.

PLASTIKI: KUTAMBUA, KUKANDAMIZA, KUPIMA

Namba ndani ya pembetatu chini ya chombo ndiyo inayotaja aina: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni madumu ya mafuta ya kula na chupa nzito za sabuni na dawa za madoa, 4 ni nailoni laini, 5 ni ndoo, mabeseni, viti na vifuniko vingi. Namba 3 ni mabomba ya PVC, wekeni kando kabisa kwani ikichanganyika na namba 1 kwa kiasi kidogo tu inaharibu tani nzima kiwandani.

Namba ikiwa imefutika, geuzeni chupa muangalie kitako. Chupa ya namba 1 ina kidoti kidogo katikati, kama chunusi, mahali plastiki ilipoingilia kwenye kalibu. Chombo cha namba 2 kilichopulizwa kina mstari ulionyooka unaokata kitako, mahali kalibu ilipobana. Kidole gumba kinatosha kuvitofautisha hata gizani. Kwa vipande vilivyovunjika tumieni beseni la maji: namba 2, 4 na 5 huelea, namba 1 na 3 huzama. Msichome ili kunusa harufu. Moshi wa PVC una asidi inayounguza mapafu.

Chupa angavu zikae peke yake, za buluu na kijani peke yake. Chupa ya glasi, hata ndogo, isiingie gunia la plastiki. Madumu ya oili ya injini yasiguse yale ya mafuta ya kula. Mifuko ya rambo mtaikuta bado, ingawa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hiyo haina mnunuzi wa maana. Iende na zisizo na pa kwenda.

Sasa uzito. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 12 hadi 20, maana yake kilo moja ni chupa 50 hadi 80. Gunia kubwa la mahindi likijazwa chupa zisizokandamizwa linabeba kilo 3 hivi. Fungua kifuniko, mimina kilichomo, ikanyage chupa ikiwa imelala, rudisha kifuniko ukiwa bado umeikanyaga ili hewa isirudi: gunia lilelile linabeba kilo 8 hadi 9. Kwa kilo 100, hiyo ni tofauti ya magunia 33 na magunia 12. Toyo hailipishwi kwa kilo, inalipishwa kwa safari. Tuseme mnunuzi anatoa shilingi 300 kwa kilo na safari ni shilingi 15,000. Kilo 100 kwa safari moja zinawaachia shilingi 15,000. Zikihitaji safari mbili, hamna kitu. Kwa kikundi kinachoanza, kukanyaga chupa vizuri kuna maana kuliko kubishana bei.

Lakini ulizeni kwanza kama mnunuzi anakubali vifuniko vikiwa juu. Wengine wanavitaka kando, kwa kuwa ni namba 5 au 2. Hapo kanyageni bila kifuniko, mkazikaze gunia kwa kamba.

Nunueni mizani yenu ya ndoano ya kilo 50 yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Kila mwezi ijaribuni kwa katoni ya maji ya chupa 12 za lita moja na nusu, zikiwa hazijafunguliwa. Maji yake ni kilo 18, na plastiki inaongeza kama nusu kilo. Mizani ikisoma 17 au 20, ina kasoro. Pimeni kila gunia nyumbani, mwandike uzito kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi mkifunge mdomoni mwa gunia. Mnunuzi akiona mmeshapima, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Magunia yakae juu ya mbao, chini ya paa, mbali na jiko la mkaa, na ndoo mbili za mchanga karibu. Plastiki ikishika moto hamtauzima kwa maji ya ndoo moja.

MBOJI NA MAGUGU MAJI

Hapa ndipo penye kazi kubwa na ndipo penye manufaa ya kudumu. Gugu maji liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbawakavu wa jenasi Neochetina walioachiwa ziwani miaka ya 1990 walilipunguza sana, nao bado wapo: majani yenye makovu madogo kama yaliyodonolewa ni kazi yao. Gugu lenyewe linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, kwa hiyo msidanganyane kwamba kikundi kitalimaliza kwa reki. Kitasafisha mwalo na kupata malighafi, inatosha.

Asilimia 90 na zaidi ya gugu bichi ni maji. Tani moja ikikauka inabaki kilo 50 hadi 80. Kulipandisha mtaani likiwa bichi ni kulipa toyo ibebe maji ya ziwa. Lianikeni karibu na mwalo siku 3 hadi 5, kisha ndipo mbebe. Lianikwe mbali na ukingo kiasi kwamba wimbi au mvua isilirudishe, kwani kipande kimoja chenye kijichipukizi kinaanza upya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo lundo la mboji lenyewe lisikae huko. Kabla ya siku ya kwanza zungumzeni na BMU ya mwalo husika, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Wao wanajua mitumbwi inapita wapi, na wanajua kama kuna mamba au kiboko.

Kichocho kipo ukingoni mwa ziwa hili, na konokono wanaokibeba hupenda kushikamana na mizizi ya magugu. Msiingie majini kwa miguu mitupu. Vuteni gugu kwa reki au ndoano yenye mpini mrefu mkiwa nchi kavu au kwenye mtumbwi, mkiwa na gambuti na glavu za mpira. Vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi jua likipanda, kwa hiyo fanyeni kazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu asubuhi. Hiyo inapunguza hatari, haiiondoi. Aliyelowa ajikaushe papo hapo kwa taulo, na kila mwanachama wa kazi hii apimwe kichocho kituo cha afya walau mara moja kwa mwaka.

Msivune gugu kwenye mdomo wa Mirongo wala karibu na mitaro ya viwanda kwa ajili ya bustani ya mboga. Mizizi yake hunyonya metali nzito kama risasi na kadimiamu, na kuoza hakuziondoi. Gugu la sehemu hizo, kama lazima litolewe, mboji yake iende kwenye miti ya barabarani na maua.

Lundo moja liwe mita 1.5 kwa 1.5, urefu wa kwenda juu mita 1.2. Dogo kuliko mita moja kila upande halishiki joto. Vipimo kwa ndoo ya lita 20: ndoo 80 za kijani (gugu lililonyauka, lililokatwa vipande vya sentimita 5 hadi 10, pamoja na maganda ya majumbani), ndoo 25 za samadi ya ng'ombe au mbuzi, na ndoo 30 za kavu kama pumba za mpunga, maranda, mabua yaliyokatwa au majani makavu.

Tandazeni kwanza matawi au mabua ya mahindi sentimita 15 ili hewa ipite chini. Juu yake kijani sentimita 20, samadi sentimita 5, kavu sentimita 5, nyunyizeni maji, rudieni hadi juu. Funikeni kwa majani ya mgomba au turubai lililolegea. Utumbo wa samaki na mapanki (mifupa ya sangara) ni mbolea nzuri sana, ila ndoo mbili kwa lundo zinatosha, zikizikwa katikati angalau sentimita 40 kutoka nje. Vikikaa juu juu, mbwa na korongo wa soko la samaki la Mwaloni watalifumua lundo kabla ya adhuhuri.

Chomekeni nondo katikati mpaka chini. Kuanzia siku ya tatu ichomoeni mkamate ncha iliyokuwa ndani. Ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuikamata zaidi ya sekunde chache, lundo limepita nyuzi 50 na kitu, na hapo mbegu za gugu na mayai ya inzi yanakufa. Mbegu ya gugu hukaa hai miaka mingi kwenye tope, kwa hiyo hatua hii msiiruke. Pindueni siku ya 7, ya 14 na ya 24, cha nje kiingie ndani na cha ndani kitoke nje, ili kila sehemu ipate zamu ya joto. Kila mnapopindua, kamateni konzi moja mkamue: matone mawili matatu yakitoka kati ya vidole, maji yanatosha. Yakitiririka ni mengi, na konzi ikipukutika ni kavu.

Lundo litawaambia linapougua. Harufu ya yai viza maana yake maji mengi na hewa hakuna, hasa baada ya mvua: fumueni, changanyeni maranda, funikeni. Harufu kali ya mkojo ni samadi au samaki kupita kiasi: ongezeni kavu. Lisipopata joto kabisa wiki ya kwanza, angalieni kwanza unyevu, kisha ukubwa, kisha samadi. Siafu na mchwa ni dalili ya ukavu. Inzi wakijaa, kuna chakula juu juu, kifukieni.

Wiki ya 8 hadi ya 12 lundo litakuwa limepungua kufikia nusu au chini ya hapo, jeusi, linanukia udongo baada ya mvua. Kabla ya kumpa mtu yeyote, jazeni mboji yenye unyevu kwenye chupa, ifungeni siku tatu, fungueni mnuse. Ikinuka uchachu, bado. Kisha otesheni mbegu 20 za mchicha kwenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na 20 kwenye udongo mtupu. Za mboji zikiota chache zaidi, rudisheni lundo wiki tatu nyingine. Mkulima aliyeunguziwa miche mara moja hammrudishi.

Chekecheni kwa waya wa kuku. Ndoo moja ya lita 20 inatosha kitalu cha mita za mraba 4 cha mchicha au sukuma wiki, ikichanganywa na udongo wa juu wiki moja kabla ya kupanda. Mboji ya kwanza wapeni bure waliotoa maganda, mfuko mmoja kila nyumba. Hakuna tangazo linaloshinda tuta la mchicha uani kwa jirani.

DAFTARI NA FEDHA

Kila siku ya zamu andikeni tarehe, idadi ya nyumba zilizotoa, kilo za kuoza, kilo za kavu, na ndoo zilizoachwa kwa kuchanganywa. Mstari mmoja tu. Fedha zipokelewe na watu wawili, ziingie kwenye akaunti yenye watia saini watatu, na zisomwe kwa sauti kwenye kikao cha kila mwezi. Mnapouza, usafiri utoke kwanza, halafu glavu na ndoo, halafu nauli na chai ya walioshika zamu. Kujitolea hakumaanishi mtu ajilipie daladala ya kuja kufanya kazi ya mtaa.

Mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambazo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, msiuombe kabla ya daftari kufikisha miezi sita. Mkijua lundo linatoa ndoo ngapi na chupa zinaleta shilingi ngapi, mtajua kama guta mnayoitaka itajilipa. Mkikopa kwa kukisia, deni litakivunja kikundi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, itumieni kwenye mtaro mmoja, si mitano. Zoeni, tenganisheni papo hapo mbele za watu, pimeni, na mtundike uzito kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Kazi hii ifanyike Septemba kwa nguvu zaidi, kabla ya vuli, na Februari kabla ya masika.

Msiongeze nyumba nyingine mpaka daftari lionyeshe wiki nne mfululizo ambazo nyumba 8 kati ya kila 10 zimetoa ndoo isiyochanganywa. Zikifika hapo, waombeni mama wawili kutoka nyumba zilizofanya vizuri wawapeleke kwa majirani wa mistari inayofuata, wao wakitangulia mlangoni.